Je, Wajua Kwa Nini Ua la Sukari Hutoweka Juu ya Keki Usiku Mmoja?

Jioni ya Ijumaa moja, katika jiko dogo la Kirumba jijini Mwanza, dada mmoja jirani yangu alitandaza kitambaa cha kufuma juu ya keki ya kipaimara, kile cha kupamba meza ya sebuleni, akiwa amekifua, akakisuuza vizuri na kukianika mpaka kikakauka kabisa. Alichekecha sukari ya aisingi juu yake kwa chujio la chai, kisha akakiinua kwa vidole vinne bila kupumua. Likabaki ua jeupe lenye matundu madogo madogo, utadhani lenyewe limefumwa kwa uzi. Akaifunika keki kwa beseni la plastiki ili sisimizi wasiifikie, akaenda kulala. Alfajiri alipofunua, ua halikuwapo. Palibaki madoa yanayong'aa na kunata kama gundi. Alidhani ameuziwa sukari mbovu, naye hakuwa na akiba ya kununua nyingine.

Sukari haikuwa na kosa. Sukari ya aisingi ni sukari ile ile ya chai iliyosagwa mpaka ikawa vumbi, na kwa kawaida huchanganywa na wanga kidogo wa mahindi ili isishikane. Chembe moja ikivunjwa kuwa maelfu, sehemu zake zinazogusana na hewa huongezeka mno, na sukari ni kitu kinachovuta maji. Unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 85, sukari hunywa maji ya hewani mpaka ikayeyuka ndani ya maji hayo hayo iliyoyavuta. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaijua hewa ya namna hiyo, hasa katika miezi ya masika, Machi hadi Mei. Hata hivyo mkosaji mkubwa usiku ule hakuwa ziwa, bali beseni. Keki huendelea kutoa maji polepole hata baada ya kupoa, na inapofunikwa maji hayo hukosa pa kwenda, hivyo chini ya beseni hujengeka hewa yenye unyevu kuliko ya nje. Ikifunikwa ikiwa na uvuguvugu, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu mvuke hugeuka matone na kudondokea pambo.

Ndiyo maana naamini kwamba anayepamba keki kwa fedha kidogo hana haja ya kuanza kwa kutafuta stensili ya bei ghali, yaani kibao chembamba chenye matundu ya umbo la pambo. Aanze kwa kuyaelewa maji. Kwenye keki nyeupe, kwa mfano, unga wa kakao hudumu kuliko sukari, kwa kuwa kakao haiyeyuki katika maji: ikipata unyevu hukolea rangi, lakini ua hubaki na umbo lake. (Kakao inalimwa kwetu wenyewe, Kyela mkoani Mbeya, na kijiko kimoja tu kinatosha kupamba keki nzima.) Penye ulazima wa rangi nyeupe, paka kwanza tabaka jembamba la krimu ya siagi juu ya keki, kwa maana mafuta huyachelewesha maji yanayopanda kutoka chini.

Stensili yenyewe, neno ambalo waliosoma zamani wanalikumbuka kutokana na mashine za kuchapia mitihani shuleni, inaweza kutoka jikoni kwako. Mfuniko mwembamba wa kopo la siagi ya mkate unafaa sana, kwa sababu plastiki yake ilitengenezwa ili iguse chakula. Chora ua kwa ncha ya sindano badala ya kalamu, ili wino usiingie kwenye chakula, kisha kata kwa wembe mpya juu ya kibao. Ugumu huja kwenye herufi. Ukikata O, duara la katikati hudondoka na kubaki tundu tupu, kwa kuwa ni kisiwa kisicho na daraja. Lazima uache vijiti viwili vyembamba vya plastiki vinavyokishikilia kisiwa hicho, na neno HONGERA lina visiwa vitatu: katika O, katika R na katika A.

Wanaotaka pambo lililoinuka hutumia rojo badala ya unga, na hapo swali hubadilika: kwa nini rojo la huyu hupenya chini ya stensili na la yule hukaa lilipowekwa? Jibu ni lile linalotofautisha uji na ugali. Uji hutafuta kila upenyo na kuingia wenyewe. Ugali hausogei mpaka usukumwe. Rojo la aisingi linatakiwa kuwa karibu zaidi na ugali: lilainike linaposukumwa, litulie mara tu mkono unapoondoka. Ongeza maji ya limao tone baada ya tone, kisha pitisha kisu katikati ya bakuli. Ukihesabu mpaka kumi na mfereji bado haujajifunga, rojo liko tayari. Paka siagi kidogo sana upande wa chini wa stensili ili ishikamane na keki, sambaza rojo kwa ukingo ulionyooka, ukielekea upande mmoja tu, kisha inua stensili kwenda juu moja kwa moja. Ukiiburuta hata kidogo, kingo za ua huchubuka.

Jokofu husaidia kuigandisha krimu kabla ya kuweka stensili, lakini keki ya baridi ikitolewa kwenye hewa ya Mwanza hutoka jasho kama chupa ya soda, na rangi huanza kuchuruzika. Kwa hiyo isikae humo muda mrefu baada ya kupambwa.

Asubuhi ile yule dada jirani aliifuta keki kwa kisu kilichochovywa kwenye maji moto, akaisawazisha kwa krimu iliyosalia, na kipaimara kikafanyika. Keki yake iliyofuata ilikuwa ya sherehe huko Nansio, Ukerewe. Ilipanda kivuko ikiwa na krimu tupu, bila ua lolote. Kitambaa, chujio la chai na vijiko vitatu vya aisingi vilikuwa ndani ya mkoba wake, kila kimoja katika mfuko wake mkavu, na ua lilichekechwa ukumbini wageni wakiwa tayari wamekaa.