Kwa nini kompyuta za nyumba moja hukataa kupeana mafaili?

Laptopu ya Windows iko mezani, Mac iko kwenye kochi, na kompyuta ya zamani yenye Linux iko chini ya televisheni, kazi yake kutunza picha na filamu za familia. Zote zinatumia ruta ileile na intaneti inafunguka kila moja bila taabu. Lakini jaribu kuhamisha video moja tu kutoka hii kwenda ile: mara mwenzake haonekani kabisa, mara anaonekana ila anadai nywila, na kila ukiiandika anaikataa. Mwisho unatafuta flashi.

Wengi hudhani mifumo hii haielewani kwa sababu imetoka kwa watengenezaji tofauti. Sivyo. Yote mitatu inazungumza lugha moja ya kupeana mafaili, SMB, iliyozaliwa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mkono wa Barry Feigenbaum, kisha ikachukuliwa na kukuzwa na Microsoft. Upande wa Linux, mafundisho yalianza kwa kuchungulia. Mwishoni mwa 1991 Andrew Tridgell, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alitazama yanayopita kwenye waya kati ya kompyuta na kuandika seva, yaani programu ya kuhudumia kompyuta nyingine, inayojibu vivyo hivyo. Baadaye alihitaji jina jipya la seva hiyo, akatafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye S, M na B. Akapata Samba. Apple nayo, iliyokuwa na itifaki yake yenyewe, yaani lugha yake ya mtandao, iliifanya SMB kuwa chaguo la kwanza katika OS X Mavericks mwaka 2013.

Kama lugha ni moja, ugomvi unatoka wapi? Unatoka kwenye mambo mawili ambayo skrini huyaonyesha kana kwamba ni jambo moja: kuonana na kuingiana. Kuona nyumba ya jirani si sawa na kufunguliwa mlango, na nyumba usiyoiona dirishani bado unaweza kuifikia ukijua ilipo.

Zamani kompyuta za Windows zilichagua mmoja wao atunze orodha ya wenzake, na ukifungua dirisha la mtandao ulisomewa orodha hiyo. Utaratibu huo ulifungamana na toleo la kwanza la lugha yenyewe, SMB1. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupenya tundu la SMB1, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuliziba, Machi mwaka huohuo. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, SMB1 ilianza kuondolewa, na Samba ikaizima kwa chaguo-msingi katika toleo la 4.11 mwaka 2019. Orodha ile ya kale ikaenda nayo.

Siku hizi Windows hutafuta wenzake kwa njia iitwayo WS-Discovery, wakati Mac na Linux nyingi hutumia mDNS. Windows inaita kwa sauti moja, Linux inasikiliza nyingine. Ndiyo maana kompyuta yenye Samba inaweza kuwa mlango wazi kabisa na bado isionekane kwenye dirisha la Windows, mpaka uisakinishie programu ndogo kama wsdd ya kuitikia mwito huo.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kuipuuza orodha. Tafuta anwani ya IP ya kompyuta unayoitaka, yaani namba yake kwenye mtandao, tuseme 192.168.1.20. Kwenye Windows andika \\192.168.1.20 katika upau wa anwani wa dirisha la mafaili. Kwenye Mac, ukiwa ndani ya Finder, bonyeza Command na K, kisha andika smb://192.168.1.20. Kwenye Linux huandikwa kama kwenye Mac, katika kidhibiti chake cha mafaili. Ikifunguka, umemaliza: tengeneza njia ya mkato, halafu iambie ruta iitengee kompyuta hiyo anwani ileile, maana ruta hugawa anwani kwa muda na kesho inaweza kutoa nyingine.

Isipofunguka, tatizo liko njiani. Angalia kwanza kama kifaa kimoja kiko kwenye wi-fi ya wageni, kwa sababu ruta nyingi huwatenga wageni wasiwafikie wenyeji kwa makusudi. Halafu angalia Windows imeuchukuliaje mtandao wa nyumbani: ikiuita wa umma, ukuta wake wa ulinzi unafunga kupeana mafaili, basi ubadilishe uwe wa binafsi. Kwenye Linux, ukuta wa ulinzi uruhusu mlango namba 445 wa TCP, ambao SMB hupitia. Usitegemee sana ping, amri ya kupima kama kompyuta nyingine inaitika, kwani Windows inaweza kuinyamazia huku mafaili yakipita vizuri.

Sehemu inayochosha watu zaidi ni nywila. Unajua ni sahihi, unaiandika mara tano, inakataliwa. Kila mfumo una sababu yake. Kwenye Windows, PIN unayofungulia asubuhi ni ya mashine hiyo tu na haitumiki kupitia mtandao. Kinachotakiwa ni nywila kamili ya akaunti, na akaunti isiyo na nywila huzuiwa kuingia kutoka nje. Kwenye Linux, Samba haisomi nywila ya kawaida ya mtumiaji. Mfumo huihifadhi ikiwa imesagwa kwa namna moja, SMB huitaka imesagwa kwa namna nyingine, na unga haurudishwi kuwa punje. Hivyo Samba hutunza daftari lake, na jina lako huandikwa humo kwa amri ya smbpasswd -a. Mac nayo, katika mipangilio ya kushiriki mafaili, ina kisanduku cha kuweka tiki mbele ya kila akaunti inayoruhusiwa kuingia kutoka Windows. Kisanduku hicho kimejificha vizuri ajabu.

Kuna mtego mwingine: Windows hukumbuka nywila ya zamani na kuituma kimyakimya bila kukuuliza. Ifute katika sehemu inayotunza vitambulisho (Credential Manager), kisha ujaribu tena. Na kama ulizoea kuingia kama mgeni bila nywila, toleo la 24H2 la Windows 11 Pro, la mwaka 2024, limekaza zaidi: linadai mazungumzo ya kompyuta yatiwe sahihi ya kuthibitisha anayetuma, na mgeni asiye na nywila hana cha kutilia sahihi. Dawa ni kumfungulia akaunti.

Ukiingia ukaweza kusoma lakini si kuandika, kumbuka kuna kufuli mbili, ya folda iliyoshirikiwa na ya diski yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Majina nayo yana vituko. Linux huhesabu Picha.jpg na picha.jpg kuwa mafaili mawili, Windows huona moja. Faili lenye alama ya kuuliza au nukta pacha katika jina lake ni halali kwenye Linux, lakini Windows inaweza kulionyesha kwa jina la ajabu lisilosomeka.

Hapo katikati ya hasira utakutana na ushauri wa kuiwasha tena SMB1, na kweli mambo yatafunguka. Usiwashe. Ikiwa ni skana au diski ya mtandao ya zamani isiyojua lugha nyingine, itafutie kwanza sasisho la programu yake, na likikosekana, ichomeke kwa waya wa USB.