Bilioni 105 za usafiri wa anga Marekani: zile si fedha, ni kibali

Shughuli za serikali ya Marekani zikisimama na waongoza ndege (wale wanaozielekeza ndege kutoka ardhini, si marubani) wakaanza kufanya kazi bila mshahara, swali ni lilelile: "Kwani Congress, bunge la Marekani, haikupitisha dola bilioni 105 za usafiri wa anga mwaka 2024? Zimeliwa na nani?" Hazijaliwa na mtu. Katika sheria ile hamna hata senti moja ya mshahara.

Haya, kwa mara nyingine. Sheria ni mbili, na kila moja ina kamati yake. Sheria ya idhini, ile ya Mei 2024 inayofika hadi mwaka wa fedha 2028, inaipa uhai FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inaweka ukomo wa kila fungu na kuongeza muda wa kodi za anga. Sheria ya matumizi, inayotakiwa kupita kila mwaka kabla ya tarehe 1 Oktoba, ndiyo inayofungua kasha la Hazina; isipopita, shughuli za serikali husimama. Wenye kuandika vichwa vya habari huiona ya kwanza kwa sababu ina tarakimu kubwa.

"Lakini si wana mfuko maalumu?" Wanao, tangu 1970. Unalishwa na kodi ya asilimia 7.5 ya nauli za ndani, tozo ya kila kipande cha safari, asilimia 6.25 ya usafirishaji wa mizigo, na senti kadhaa kwa kila galoni ya mafuta. Mfuko huo unabeba sehemu kubwa ya bajeti ya FAA. Ila fungu la uendeshaji, ambalo kwa sehemu kubwa ni mishahara, huchotwa humo kwa ruhusa ya kila mwaka tu. Ruhusa ikikosekana, kodi zinaendelea kuingia na mwongoza ndege anaendelea kukopa.

Mwenye kubisha na aweke mwaka 2011 kando ya 2019. Julai 2011 sheria ya idhini ndiyo iliyokufa, kwa takribani wiki mbili. Watumishi wapatao 4,000 wa FAA walirudishwa nyumbani, wakandarasi viwanjani wakaamriwa kusimamisha kazi, na kodi ya tiketi ikakosa msingi wa kisheria: karibu dola milioni 30 kwa siku zilipotea. (Mashirika mengi ya ndege yalipandisha nauli kwa kiasi kilekile, na abiria hakuona nafuu.) Waongoza ndege je? Walilipwa, kwa kuwa sheria ya matumizi ilikuwa hai. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 mambo yaligeuka kabisa: idhini ilikuwa mpya, ya Oktoba 2018, kodi zinakusanywa, lakini matumizi hayajapita. Siku 35 bila mshahara. Kuondoka kazini hawaruhusiwi, maana sheria inawahesabu miongoni mwa walinzi wa maisha na mali.

Sasa kinachowavuruga hata waliobobea: ruzuku za viwanja vya ndege. Hapa sheria ya idhini inatoa kitu halisi, yaani mamlaka ya kuingia mikataba kabla ya fedha kutengwa. Kamati ya matumizi nayo huweka kikomo cha mikataba hiyo kila mwaka. Kwa hiyo anayesema idhini haina uzito wowote naye amekosea, ingawa kidogo kuliko wale wa bilioni 105.

Vipaumbele navyo havionekani kwenye hotuba. Huonekana fedha zinapohamishwa. Aprili 2013, makato ya lazima ya bajeti yalipowapeleka waongoza ndege likizo bila malipo, safari zikachelewa, na ndani ya siku chache Congress ikaruhusu hadi dola milioni 253 zitolewe kwenye ruzuku za viwanja kwenda uendeshaji. Foleni zikaisha. Njia za kurukia zilizokuwa zikisubiri lami hazikuwa na wa kuzipigia kelele.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuruhusu mishahara ichotwe moja kwa moja kwenye mfuko serikali ikisimama. Kihesabu inawezekana kwa muda. Kanada ilikwenda mbali zaidi: tangu 1996 uongozaji wa ndege uko chini ya shirika lisilo la faida linaloishi kwa tozo za watumiaji. Marekani ilijaribu kitu cha aina hiyo 2017, mswada ukazimika kabla ya kupigiwa kura bungeni, na wamiliki wa ndege ndogo wakiwa mstari wa mbele kuupinga.

Mimi nasitasita. Tarehe 25 Januari 2019 upungufu wa waongoza ndege ulizuia safari za kwenda LaGuardia, uwanja wa ndege wa New York, na siku hiyohiyo wanasiasa wakakubaliana kufungua serikali. Ukimkinga mwongoza ndege peke yake, umeondoa maumivu pekee yanayowafikia wabunge haraka, na huenda watumishi wengine wakakaa bila mshahara muda mrefu zaidi. Kumfanya mtu mateka ili serikali ifunguliwe ni sera mbaya. Sijaona bado pendekezo linalomwachia huru bila kuwaacha wenzake wakifungiwa ndani.