Hakuna umeme wa joto, kuna umeme wa mbali

Juzi jioni nilikuwa mwaloni Igombe, ufukwe wa wavuvi wa Ziwa Victoria hapa Mwanza, nimefuata sato, nikaisikia tena ile sentensi. Vijana wanapakia taa za dagaa kwenye mtumbwi, kule magharibi mbingu inamulika mfululizo kama mtu anachezea swichi nyuma ya pazia. Mmoja akauliza kama hali iko sawa. Mwenzake hata hakuinua kichwa: "Aah, huo umeme wa joto. Hauna radi huo, mbingu inajipoza tu."

Nimeangalia mawingu kwa mshahara miaka mingi, hadi nyumbani wananiita Babu Mawingu. Sentensi hiyo nimeisikia kwenye daladala, msibani na kanisani. Leo imenitosha.

Joto halipigi umeme. Umeme unatoka kwenye kumulonimbasi, lile wingu refu lenye barafu kileleni na mvua tumboni. Chembe za barafu zinagongana na mvua ya mawe laini, chaji zinatengana, zikizidi zinaruka. Usiku wa joto usio na wingu hilo utakutoa jasho, basi. Ila joto na unyevu ndiyo chakula cha wingu hilo, kwa hiyo jioni za Septemba na Oktoba, vuli ikiwa inanukia, joto na umeme vinatukuta pamoja na watu wanavifungisha ndoa.

Sasa hili la "hauna radi". Hapa ndipo ninapopandisha presha. Kila umeme una ngurumo. Kila mmoja! Hewa iliyopitiwa na mpigo inapata joto la karibu nyuzi 30,000 kufumba na kufumbua, inatanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho ngurumo. Usiposikia, maana yake haijakufikia wewe. Mwanga unasafiri mbali: wingu lenye kilele cha kilomita 14 angani unaweza kuliona ukiwa kilomita 400 kama hakuna kilima wala wingu jingine katikati. Ngurumo, kwa kawaida, inakufa kati ya kilomita 15 na 25, kwa sababu hewa inapoa kadiri unavyopanda, na sauti inapinda kwenda juu ikikuruka kichwani. Kutoka Mwanza hadi Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 180. Mvua ikinyesha Bukoba usiku, wewe uliyekaa barazani Kirumba unaona sinema bila sauti. Mwenzako wa Bukoba anafunika masikio.

Lugha yetu nayo inachangia. Tunasema "radi" kwa mlio, kwa mpigo na kwa kitu kilichoua ng'ombe wa jirani. Kwa hiyo mtu akisema "umeme bila radi" anadhani ametaja aina nyingine ya umeme, wakati ametaja masikio yake. Kazini tulitenganisha: umeme ni unachokiona, ngurumo ni unachokisikia. Kwenye misimbo ya waangalizi wa hali ya hewa dunia nzima kuna namba 13: umeme unaonekana, ngurumo haisikiki. Ukisikia ngurumo bila mvua kituoni, unaandika 17. Wingu ni lile lile. Kilichobadilika kutoka 13 kwenda 17 ni umbali kati yake na sikio la mwangalizi. Zamu za usiku nimeandika 13 nyingi kuliko sahihi yangu.

Hata hizo kilomita 25 si ukuta. Usiku mtulivu hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti inapinda kurudi chini na unaweza kusikia kutoka mbali zaidi. Injini ikinguruma na mawimbi yakipiga ubavu, unaweza usisikie hata kilicho karibu. Ndiyo maana sipendi mvuvi anayeniambia "mimi nasikilizia". Unasikilizia nini juu ya injini?

Nakubali imani hii haikutoka hewani. Usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na uvuguvugu wake. Upepo unashuka kutoka pwani zote, unakutana katikati ya maji, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanaumuka. Mchana kinyume chake, mvua inashika nchi kavu. Na kwa kuwa pepo zetu kubwa zinatoka mashariki, mvua za usiku zinaegemea upande wa magharibi wa ziwa. Mtu wa Mwanza anaona umeme usiku mia moja, haumfikii hata mmoja, anahitimisha kuwa ni wa aina isiyodhuru. Kwa aliyelala kitandani Nyegezi, sawa, alale. Lakini mvuvi wa dagaa halali. Anasubiri giza la mwezi, anawasha injini, na mara nyingi anaelekea huko huko kunakomulika. Umbali ndio uliokuwa unamlinda, naye anaukata kwa petroli yake mwenyewe.

Mengine kwa haraka. Nguo nyekundu haiiti radi, kioo hakiiti, simu ya mkononi haiiti. Ukisikia ngurumo hata kwa mbali, uko ndani ya eneo la kupigwa, kwani mpigo unaweza kutua zaidi ya kilomita 15 kutoka kwenye wingu lake. Ingia nyumba imara au gari la bati, kaa dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. TV chomoa mapema, si wakati inapasua. Mti, hapana. Yale mawe yetu mnayokaa jioni kupunga upepo, ondokeni. Na msijifiche chini ya jiwe kama pango, mkondo unaruka kwenye mdomo wa pango. Jengo lenyewe nalo lisikupe kiburi: Januari 2025 radi iliua wanafunzi wa sekondari wilayani Bukombe wakiwa darasani.

Kwenye mtumbwi wa mbao ulio wazi, vitabu vinasema ondoka majini mapema. Vizuri. Lakini nikimwambia mvuvi asitoke kila anapoona umeme magharibi, kuna miezi atakula sera. Na ukishakutwa katikati, kuinama chini kabisa na kuacha vyuma ni bora kuliko kusimama, lakini sitamdanganya mtu kuwa hapo yuko salama.

Yule kijana wa Igombe, nilipomaliza hotuba, aliniuliza swali moja tu: "Sasa mzee, twende au tusiende?"

Nikamwonyesha nyota zilizokuwa chini kabisa, upande ule wa mmuliko. Nikamwambia akae saa moja aziangalie. Zikianza kumezwa kutoka chini, au ukipita upepo wa baridi wa ghafla, wingu linakuja, avute mtumbwi mchangani. Alikaa dakika arobaini, akazihesabu mara tatu, zote zikawepo. Akasukuma mtumbwi majini. Sato wangu nilikuwa nimemsahau kwenye benchi, paka akawa ameanza na mkia.