Kuziweka laibrari za Linux folda moja hakusaidii kitu

Jamani, nimeletewa tena skrinshoti ya `cannot open shared object file: No such file or directory` na malalamiko yale yale, eti faili ipo, dlopen (ile ya kupakia laibrari programu ikiwa inaendelea) nimeipa njia kamili, Linux hii vipi. Soma basi jina lililotajwa kwenye huo ujumbe! Wewe umeomba libpicha.so, inayotafutwa ni libjpeg.so.62. Yako ilishaonekana zamani, iliyokosekana ni ile inayotegemewa na yako.

Hapo najibiwa "lakini zote ziko folda moja." Ndo hapo sasa. Loda ya Linux, ile inayozitafuta na kuzipakia laibrari, haichungulii folda ya laibrari iliyoomba, haina hiyo tabia. Inaangalia njia zilizoandikwa ndani ya faili yenyewe, LD_LIBRARY_PATH (orodha ya folda unayoiweka kwenye mazingira ya programu), kashe ya ldconfig (orodha ya laibrari za mfumo), /lib na /usr/lib, basi. Na hiyo LD_LIBRARY_PATH usiiweke kwa os.environ katikati ya skripti ya Python, loda iliisoma programu ilipoanza, umeshachelewa. Tumia `LD_DEBUG=libs` uone inapopita, ldd, ile inayoorodhesha laibrari za faili, haikuonyeshi vinavyoitwa na dlopen.

Dawa ni kulinki na `-Wl,-rpath,'$ORIGIN'`, inaandika ndani ya faili njia ya kutafutia, na $ORIGIN ni folda ya faili yenyewe, na hizo nukuu usizitoe, shell itaila dola yako.

Ila kinachonichosha kabisa ni RPATH na RUNPATH, aina mbili za hizo njia zinazoandikwa ndani ya faili, kuchukuliwa kama kitu kimoja. RPATH ya zamani ni urithi, inashuka mpaka kwa wajukuu. RUNPATH inaishia kwa watoto, yani programu yako inaipata libA vizuri, halafu libA inaitafuta libB na ile RUNPATH ya programu haihesabiki tena, kila laibrari ijibebee yake. Na flegi ni ile ile moja, linka ya Ubuntu inakuandikia RUNPATH, mashine nyingine unapata RPATH, ndo maana "kwangu inafanya kazi." Vitabu vinasema RPATH imepitwa na wakati, sawa, ila mimi nikifunga programu na laibrari zake zote bado naweka `--disable-new-dtags` (linka iandike RPATH badala ya RUNPATH), maana LD_LIBRARY_PATH ya mteja inaipiku RUNPATH na RPATH haiigusi. Kama ni ustaarabu kumnyima mteja hiyo nafasi, hapo sina jibu zuri.

Kuna wanaoipakia libB kwa mkono kwanza ndo waite libA. Kwenye glibc, laibrari ya C ya Linux nyingi, inakubali, inaona SONAME hiyo (jina la laibrari lililoandikwa ndani yake) tayari imo kwenye memori. Ukihamia Alpine, Linux nyepesi, kule laibrari ya C ni musl, usitegemee.