Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Tunakopotezea Lishe Kabla Chakula Hakijafika Mezani

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha nchi. Sehemu kubwa ya mahindi yanayosagwa Dar es Salaam na Dodoma hutoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulipopima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano, Iringa ilikutwa na udumavu wa karibu asilimia 57, huku Njombe na Rukwa zikiwa kwenye asilimia 50 hivi. Wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Yaani mikoa yenye chakula kingi ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa.

Mtu akisikia udumavu hufikiria ufupi tu, na wapo wanaosema, "Sisi ni ukoo wa watu wafupi." Udumavu ni mtoto kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu, hasa tangu mimba kutungwa hadi anapotimiza miaka miwili. Katika siku hizo 1,000 ubongo unajengwa kwa kasi ambayo hairudi tena. Mtoto aliyedumaa huugua mara kwa mara, na darasani hupata shida ambayo mwalimu anaweza kuidhania uvivu. Sababu ziko nyingi, zikiwemo kuhara, maji yasiyo salama, mimba za utotoni na kazi zinazomwelemea mama. Hapa nitazungumzia moja tu, ambayo kila kaya inaweza kuanza kuirekebisha wiki hii hii: yanayoyapata mahindi, maharage na mboga tangu ghalani hadi kwenye sahani ya mtoto.

Tuanzie mashineni. Punje ya mahindi ina ganda la nje, ina sehemu nyeupe ya wanga, na ina kiini, kile kidogo kilichojificha upande wa ncha. Kiini hakifiki hata sehemu moja ya nane ya uzito wa punje, lakini mafuta karibu yote yamo humo, pamoja na sehemu kubwa ya madini na vitamini. Tunapokoboa ili tupate sembe jeupe, kiini na ganda huondoka kama pumba. Nyumbani unarudi na wanga. Pumba wanapewa kuku na nguruwe, nao wananenepa, kwa sababu tumewapa sehemu bora ya mahindi yetu.

Dona husagwa punje nzima. Lina nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki kwa wingi kuliko sembe. Malalamiko ninayoyasikia ni kwamba dona linawahi kuchacha na kuwa chungu, na hilo ni kweli, kwa sababu mafuta ya kiini yakikaa muda mrefu baada ya kusagwa huharibika. Dawa yake ni kusaga kidogo kidogo: debe moja la wiki mbili badala ya gunia la miezi miwili. Wanaonunua unga dukani watafute ulioongezwa virutubishi, wenye nembo yake kwenye mfuko. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa mahindi, unga wa ngano na mafuta ya kula, ila mashine nyingi ndogo za vijijini bado hazina vifaa vya kufanya hivyo.

Nikishawashawishi watu wale dona, kuna neno lazima niliongeze hapo hapo, maana nisipolisema nitakuwa nimewaponza. Dona la mahindi yaliyovunda ni hatari kuliko sembe lake. Ukungu unaotoa sumukuvu hushambulia zaidi ganda na kiini, sehemu zile zile ambazo mkobozi anaziondoa. Kwa hiyo anayechagua dona anatakiwa kuwa mkali zaidi kwenye usafi wa mahindi yake.

Sumukuvu haina rangi, harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali uliochemka vizuri bado utakuwa nayo. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 yakatukuta sisi, Dodoma na Manyara, familia nzima zikaugua ini na wengine wakapoteza maisha. Hao ni waliokula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Wanaokula kidogo kidogo kila siku hujiweka kwenye hatari ya saratani ya ini, na watafiti wanaihusisha pia na watoto kushindwa kukua.

Kinga yake inaanzia shambani. Mahindi yakikomaa yavunwe, yasiachwe yanyeshewe yakiwa yamesimama. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu, kwa sababu vijidudu vya ukungu vinaishi ardhini. Kabla ya kuyaingiza ghalani, yapime ukavu. Huna mashine ya kupimia unyevu? Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia mahindi robo ya chupa na vijiko vitatu vya chai vya chumvi kavu, funga kifuniko, tikisa kwa nguvu dakika mbili tatu, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikiteremka yote chini na kioo kikabaki safi, yanafaa kuhifadhiwa, ingawa mimi humshauri mkulima aongeze siku moja ya jua ikiwa hali ya hewa inaruhusu. Chumvi hiyo iwe ni ile iliyokaa juani au karibu na moto ikakauka vizuri, la sivyo chupa itakudanganya.

Siku ya kwenda mashineni, mwaga mahindi kwenye ungo na uchambue. Punje iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyotobolewa na wadudu au yenye ukungu itupwe. Isiwekwe pembeni kwa ajili ya pombe, wala isipewe mifugo, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa ya ng'ombe. Fanya hivyo hivyo kwa karanga. Karanga iliyokunjamana yenye uchungu mdomoni, iteme.

Hapa nigusie unga wa lishe, ule unaochanganywa mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya na karanga, ukasagwa pamoja na kuuzwa kama chakula bora cha mtoto. Wazazi wanajinyima ili waununue, na ninaelewa nia yao. Lakini mahindi, mchele na ngano vyote ni kundi moja la wanga, kwa hiyo kuvirundika pamoja hakumwongezei mtoto kitu cha maana. Karanga zikishasagwa ndani ya unga, mafuta yake huharibika haraka, na aliyezileta zikiwa na ukungu hakuna atakayemgundua. Soya nayo inahitaji kuandaliwa na kuiva vizuri kuliko nafaka, na uji wa haraka haraka hauipi muda huo. Ni afadhali usage nafaka moja nzuri, pika uji, halafu uuboreshe sufuriani kwa karanga ulizochambua na kuzitwanga leo, au maziwa, au yai lililopigwa na kukorogewa humo hadi likaiva.

Uji wenyewe una tatizo lake. Mtoto wa miezi saba tumbo lake ni dogo, hawezi kumaliza zaidi ya nusu kikombe kwa mlo. Uji mwepesi unaotiririka kama chai unamjaza maji. Ukipika mzito wa kutosha, unakuwa kama ugali na hawezi kuumeza. Bibi zetu walikuwa na jibu la jambo hili, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa hapa nchini walilifanyia utafiti wakathibitisha kwamba ni sahihi. Jibu hilo ni kimea.

Loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu mpaka uchipue, kisha uanike ukauke na uusage. Pika uji mzito kabisa. Uepue, uache upoe kidogo mpaka uwe vuguvugu la kuonjeka, tia kijiko kimoja kidogo cha unga wa kimea na ukoroge. Chini ya dakika kumi utaona uji ule uliokuwa mzito unalegea mbele ya macho yako, unakuwa laini wa kunyweka, bila kuongeza tone la maji. Chakula ni kile kile, ila sasa mtoto anaweza kukimeza chote. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo ndipo umpe. Ninapendekeza ulezi kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu, na atakayetumia mtama lazima ayapukuse yote pamoja na vimizizi kabla ya kusaga.

Kwenye kliniki, tukimuuliza mama mtoto amekula nini jana, jibu tunalolipata mara nyingi ni hili:

"Ugali na maharage, daktari."

"Maharage yenyewe au mchuzi?"

"Mchuzi. Maharage atayawezaje na meno hayajatoka?"

Mchuzi wa maharage ni maji yenye chumvi na rangi. Protini, chuma na zinki vimebaki kwenye punje alizokula baba. Ndivyo ilivyo pia kwa nyama na dagaa: mtoto hupewa supu, wakubwa wanakula mnofu. Mama, chukua kijiko, ponda maharage hayo kwenye sahani, maganda yakisumbua yachuje, umlishe yaliyobaki. Dagaa watwange wakiwa wakavu, pamoja na mifupa yao, maana kalisi iko huko, na uwakoroge kwenye mboga yake. Mpe yai. Maneno kwamba mtoto akila yai atachelewa kuongea, au mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele, hayana ukweli wowote, na yamewanyima watoto wetu chakula ambacho kuku anakitaga uani.

Maharage yachambuliwe na kulowekwa tangu usiku. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, uchemshe mpaka yaive kabisa. Yataiva mapema, kuni zitapungua, na madini yake yatafyonzwa vizuri zaidi mwilini. Magadi tunayoyatia kwenye makande ili yalainike haraka yanaua vitamini B1, na kwenye mboga yanaua vitamini C. Rangi inabaki ya kijani inayovutia, lakini thamani imeondoka.

Mboga za majani tunazo, tena za kila aina: mchicha, majani ya maboga, mnafu, chainizi. Tunaziharibu jikoni. Tunazikata vipande vidogo, kisha tunaziosha, kisha tunazichemsha nusu saa na kumwaga maji. Osha kwanza, majani yakiwa mazima. Kata wakati sufuria iko tayari, tia maji kidogo sana, funika, dakika tano hadi saba zinatosha kwa mchicha. Weka mafuta kidogo, karanga au tui la nazi, kwa sababu vitamini A iliyomo haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kisamvu hakimo kwenye kanuni hii. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, kwa hiyo yatwangwe vizuri na yachemshwe muda mrefu, na mwanzoni sufuria iachwe wazi.

Kuna jambo la chai nalitilia mkazo kwa wanawake, hasa wajawazito. Utafiti ule ule wa 2022 ulionesha kuwa wanawake wanne kati ya kumi wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Chuma kilicho kwenye maharage na mboga kinafyonzwa kwa shida, na chai ya rangi au kahawa inayonywewa pamoja na chakula inazidi kukizuia. Sogeza chai mbali na mlo kwa saa moja au zaidi. Badala yake kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa, pera au embe pamoja na chakula, maana vitamini C inakifungulia chuma njia. Vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki vinywewe kwa maji.

Chumvi iwe yenye madini joto, na kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu pia ile iliyomo kwenye vikolezo vya dukani.

Sasa baba. Yote niliyoyataja yanahitaji muda, na msimu wa kilimo mama anaondoka nyumbani alfajiri na kurudi jua limezama, huku mtoto akiachwa na dada yake wa miaka minane na chupa ya uji wa asubuhi. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kula mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na asusa kati ya milo, na bado ananyonya. Haiwezekani mtu mmoja akalima, akateka maji, akatafuta kuni, akachambua mahindi na akalisha mara nne. Baba anayekwenda mashineni kwa baiskeli, anayeanika mahindi na anayebaki na mtoto wakati mama anapalilia, anafanya kazi ya lishe sawa na mimi. Kuku watatu wa mayai na tuta la mchicha karibu na mlango navyo ni uamuzi wa baba na mama kwa pamoja, kabla gunia la mwisho halijauzwa.

Kila robo ya mwaka tunafanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Mtendaji akiitangaza, mleteni kila mtoto aliye chini ya miaka mitano apimwe urefu, uzito na mzunguko wa mkono, na beba kadi yake ya kliniki. Njoo pia na kikombe kimoja cha unga unaompikia, tuutazame na kuunusa pamoja, nawe uulize chochote kuhusu chakula cha nyumbani kwako. Baba aje naye.