Una simu nyumbani?

Miaka ya 1960, mwanamke aliyeomba kazi katika kampuni ya Freelance Programmers, Uingereza, aliulizwa kwanza kama nyumbani kwake kuna simu. Nyumba nyingi wakati ule hazikuwa na simu, na kampuni yenyewe haikuwa na chumba cha kumkalisha mtu. Ilianzia kwenye meza ya kulia chakula ya mwenye kampuni, mwaka 1962, kwa mtaji wa pauni 6.

Mimi naandika programu, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefanyia nyumbani. Tukizungumza huku kwetu juu ya tajiri wa programu aliyegeuka mfadhili, jina la Bill Gates ndilo hutangulia. Mimi humtanguliza Stephanie Shirley, mwenye kampuni hiyo, aliyefariki Agosti 2025 akiwa na miaka 91, kwa sababu namna alivyoendesha kampuni na namna alivyotoa fedha zake naziona ni kitu kimoja: alimkabidhi mtu kazi, akamwamini, akampisha.

Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, akaitwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa hakimu Myahudi, na Wanazi walimwondoa kazini. Mwaka 1939 wazazi walimpandisha yeye na dada yake Renate kwenye treni, mmoja ana miaka mitano na mwingine tisa, katika zile safari za kuwaokoa watoto, wengi wao Wayahudi, mikononi mwa Wanazi, zilizowavusha karibu watoto 10,000 hadi Uingereza. Walilelewa na mke na mume wasiowajua kabla, katika mji wa Sutton Coldfield. Wazazi wao walinusurika vita, lakini yale mapenzi ya mzazi na mtoto hayakurudi kama yalivyokuwa. Alisema mara nyingi kwamba alijiwekea nadhiri aishi maisha yaliyostahili kuokolewa.

Kazi alianzia kituo cha utafiti cha Posta huko Dollis Hill, London, na shahada ya hisabati aliisomea jioni baada ya kazi kwa miaka sita. Alipoona kila ngazi aliyotaka kupanda imezibwa kwa sababu ni mwanamke, akaanzisha kampuni yake. Barua alizoandikia wateja hazikujibiwa. Mumewe, Derek, akamshauri atie sahihi kwa jina la Steve. Milango ikaanza kufunguka, na hilo Steve likamganda hadi kufa.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana hapo ndipo panaponisisimua. Mwandishi wa programu wa enzi hizo alikaa na penseli na karatasi. Kwanza alichora mchoro wa hatua: hapa pima hiki, kama ndiyo nenda huku, kama siyo rudi kule. Kisha aliandika maagizo yenyewe kwa lugha ya mashine, pengine kwa sifuri na moja tupu. Akatia karatasi kwenye bahasha, akaipeleka posta. Zikifika kwenye kituo cha kompyuta, kuna mtu aliyezitoboa kwenye kadi au utepe wa karatasi, halafu zikatobolewa upya ili kulinganisha na kunasa makosa. Yote hayo kompyuta bado haijaguswa.

Fikiria maana yake. Leo nikikosea nukta, skrini inaniambia papo hapo. Yule mama, mtoto amelala chumba cha pili, alilazimika kuipitisha programu nzima kichwani mwake, mstari kwa mstari, kwa sababu kosa lake lingegunduliwa baada ya siku nyingi. Kufanyia kazi nyumbani hakukupunguza ubora hata kidogo, kwa kuwa kompyuta haikuwa mezani kwa mtu yeyote, awe ofisini au jikoni. Shirley aliliona hilo wakati waajiri wengine wanawafukuza wanawake mara wanapozaa. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake.

Lakini mteja atajuaje kwamba kazi inafanyika? Nimewahi kunyimwa malipo ya saa zangu na mteja aliyesema hakuniona nikizifanya, kwa hiyo swali hili nalijua kwa uchungu wake. Jibu la Shirley lilikuwa kuuza kazi kwa bei moja iliyokubaliwa tangu mwanzo. Mteja ananunua programu inayofanya kazi, basi. Kama iliandikwa saa nane za usiku baada ya mtoto kunyonya, hayo hayamhusu. Ila ukiuza hivyo, ukikadiria vibaya hasara ni yako. Ndiyo sababu kampuni ilikuwa kali katika kugawa kazi vipande, kukadiria na kukagua. Moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kuandika taratibu za kusimamia utengenezaji wa programu. Wakazitumia wao wenyewe, na baadaye NATO nayo ikazichukua. Programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde iliandikwa na wanawake wapatao 30, kila mmoja kwake.

Mwaka 1975 ilipitishwa sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia, na kampuni ya wanawake ikalazimika kuajiri wanaume pia. Yeye alikuwa akigawa hisa zake kwa wafanyakazi. Kufikisha robo ya kampuni mikononi mwao kulichukua miaka 11. Kampuni ilipoingia soko la hisa mwaka 1996, wafanyakazi 70 walijikuta mamilionea. Wenye kampuni za programu wa leo wanaojivunia ukarimu ningependa waitazame hesabu hiyo.

Nyuma ya yote haya kulikuwa na Giles, mwanawe wa pekee, aliyezaliwa 1963. Alikuwa mtoto mtulivu, akaanza maneno mawili matatu, kisha yakapotea. Ilikuwa usonji (autism), hali ya ubongo inayoathiri mawasiliano ya mtu na wenzake, wakati ambapo ni wachache hata madaktarini waliouelewa. Alipokua akawa mkali na mwenye nguvu kuliko mama yake, pia ana kifafa, ikabidi alazwe hospitali, na huko akakaa miaka. Shirley alimtafutia nyumba ya kawaida yenye wasaidizi. Giles akawa mkazi wa kwanza wa Kingwood, shirika ambalo mama yake aliliunda kwa ajili hiyo na ambalo likaja kuwahudumia wengine kama yeye. Giles alifariki mwaka 1998, akiwa na miaka 35.

Mwaka uliofuata ilifunguliwa Prior's Court huko Berkshire, shule ya bweni ya watoto wenye usonji. Halafu Autistica, inayogharimia utafiti. Chuo Kikuu cha Oxford alikipa fedha za kuanzishia taasisi ya kuchunguza intaneti na jamii, wakati mamilioni ya watu duniani bado hawajaigusa hiyo intaneti. Kwa jumla alitoa karibu pauni milioni 70. Kila mahali alifanya vilevile: aliweka fedha na muda wake mwingi mwanzoni, akakaa mpaka shirika lisimame kwa miguu yake, kisha akawaachia wengine usukani.

Wakfu wake wenyewe, Shirley Foundation, hakutaka udumu milele. Mwaka 2018 aliufunga, na kilichobaki akawapa Autistica.