Idara ya Sanaa Shuleni: Mzazi Ajue Nini Kabla ya Kununua Rangi

Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waingie sekondari ya juu Januari 2026, sisi tunaokagua ubora wa masomo katika shule za Kisumu, Vihiga na Kakamega tumekuwa tukiulizwa maswali mengi kuhusu sanaa. Mzazi amenunua boksi la rangi la bei ghali, na mtoto bado ameambulia alama za chini. Mwingine amekatazwa kubeba mradi wa mwanawe akaumalizie nyumbani, na sasa anaamini mwalimu anamwonea mtoto. Wa tatu anataka kujua ni nani aliyemtupa binti yake kwenye sanaa.

Tuanze na huyo wa tatu. Sanaa si jalala. Mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmoja kati ya mitatu, pamoja na STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) na Sayansi ya Jamii, na mwanafunzi wake anasoma Kiingereza, Kiswahili na hisabati kama wenzake. Katika kupanga wanafunzi, KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, ilihesabiwa kwa asilimia 60, KPSEA, ule wa Gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Ikumbukwe pia kwamba kila shule ya sekondari ya juu lazima ifundishe STEM, lakini si kila shule inafundisha sanaa. Kwa hiyo shule yenye idara ya sanaa inayofanya kazi ni bahati, na mzazi anapaswa kuuliza mapema: kuna mwalimu wa sanaa aliyesajiliwa na TSC, tume ya walimu? Kuna chumba chenye mwanga wa dirisha na bomba la maji? Kuna stoo inayofungwa kwa kufuli? Stoo nyingi tunazokagua zimejaa viti vilivyovunjika, na kazi za wanafunzi zimeegemezwa ukutani zikinyeshewa. Hapo ndipo alama zinapoanza kupotea.

Sasa tuje kwa kinachomfanya mwanafunzi afaulu. Ni daftari la michoro. Wazazi huliona kama daftari la kuchezea kwa sababu limejaa michoro isiyokamilika, na wengine wamewahi kulitupa wakati wa kufagia nyumba. Tafadhali msilitupe. Humo ndimo mwalimu anaona mwanafunzi alianza wapi, alijaribu nini, na kwa nini aliacha wazo la kwanza akashika la tatu. Idara nzuri hudai kurasa mbili kila wiki, kila moja na tarehe, na maelezo mafupi pembeni: nimetumia nini, kimeharibika nini. Kabla ya kazi yoyote kubwa, mwanafunzi huchora kwanza picha ndogo nne hadi sita, kila moja isiyozidi kiberiti, akijaribu kupanga vitu kwa njia tofauti. Anayeruka hatua hii utamtambua mara moja: karatasi yake ni ya A2, sentimita 42 kwa 59.4, lakini mtungi amechora mdogo katikati na pembe nne zimebaki tupu.

Kosa la pili ni penseli. Mtoto anatumwa shule na HB moja, ile ya kuandikia. HB haitoi weusi wa kutosha. Mwanafunzi anaikandamiza, karatasi inang'aa kisha inachanika, na kivuli bado ni kijivu. Mnunulie penseli laini za 2B, 4B na 6B, kifutio laini, na kichongeo. Kwa rangi, makopo sita yanatosha: nyekundu, njano, buluu, nyeupe, nyeusi na kahawia. Boksi la rangi 36 halimsaidii, kwa sababu anazoea kuchovya rangi iliyokwisha kutengenezwa na hajifunzi kuchanganya. Tena asifanye rangi kuwa ya giza kwa kuongeza nyeusi kila mara, inakuwa tope. Nyekundu iongezwe kijani kidogo, njano iongezwe zambarau kidogo, na kivuli kitabaki na uhai. Karatasi inayotarajiwa kupokea maji mengi iloweshwe na kubandikwa kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne, ikauke ikiwa imekazwa. Isipofanywa hivyo itajikunja, na rangi itatuama mabondeni.

Kuhusu simu. Kuchora kwa kuiga picha ya simu kunamfunza mtoto kunakili. Kamera hubapisha umbo, na mwanga wake ukiwaka mbele hufuta kivuli chote ambacho mtahini anakitafuta. Idara inayojua kazi hupanga vitu halisi mezani, mtungi, kiatu, ndizi, na kuacha mwanga uingie upande mmoja tu. Picha iliyotengenezwa na programu ya akili unde haiwezi kuwasilishwa kama kazi ya mwanafunzi.

Hilo linatuleta kwenye miradi, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu utaratibu wenyewe ni mrefu. Vidato vya Tatu na vya Nne bado vimo katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, na KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, itafanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Katika somo la Sanaa na Usanifu wana nadharia, kazi ya vitendo, na mradi. Maagizo ya mradi hutoka KNEC, baraza la mitihani la Kenya. Mtahiniwa huchagua swali, hufanya michoro ya maandalizi, kisha hutengeneza kazi hapo shuleni, mwalimu akiwa anaona. Kazi hulala stoo. Kila kipindi kikiisha inarudishwa, inaandikwa kwenye rejista, stoo inafungwa. Kazi isitoke nje ya geti kwa sababu yoyote ile, hata kama mzazi ni fundi seremala mwenye karakana bora kuliko ya shule. Mwalimu hukagua hatua kwa hatua na kutia sahihi, ili mwishoni aweze kuthibitisha kuwa ni mkono wa mtahiniwa yule. Ndiyo maana kazi inayoibuka ghafla wiki ya mwisho ikiwa imekamilika, bila mchoro hata mmoja wa maandalizi, mwalimu hana haki ya kuipokea. Anayekataa hapo hamwonei mtoto.

Wapo wanaolipa wachoraji wa mjini wawafanyie watoto kazi hii. Huo ni udanganyifu wa mtihani kama kuingia na karatasi ya majibu mfukoni, na KNEC ina mamlaka ya kufuta matokeo. Matokeo yaliyofutwa huandikwa herufi Y badala ya gredi. Mwalimu anayeshiriki hufikishwa mbele ya TSC kwa nidhamu. Mtahini aliyezoea kazi hii huangalia kitu kimoja tu: ikiwa mkono uliochora katika karatasi ya vitendo ni ule ule uliofanya mradi. Mikono miwili tofauti haijifichi.

Mzazi pia asikubali kulipia masomo ya sanaa wakati wa likizo shuleni. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza masomo ya likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtoto akitaka kuchora likizoni, achore nyumbani, katika daftari lake, bure.

Upande wa ufundi wa mikono, eneo letu lina utajiri ambao shule nyingi haziutumii. Udongo wa mfinyanzi unapatikana karibu. Akina mama wa Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, wanaufinyanga na kuuza vyungu. Jiwe la Tabaka kule Kisii ni laini kiasi cha kuchongwa kwa msumeno na tupa, na mchongaji wa huko, Elkana Ong'esa, ana sanamu yake katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Gugu-maji na mafunjo yako ufuoni. Shule iliyo kilomita chache kutoka Ziwa Victoria kisha ikalalamika haina vifaa vya kusukia inahitaji kutoka nje ya geti.

Lakini udongo una masharti yake. Uondolewe mawe na mizizi, uchanganywe na vigae vilivyosagwa, kama sehemu moja kwa tano, ili usipasuke ukikauka, kisha ukandwe mpaka usiwe na mapovu ya hewa. Kuta za chombo zisizidi sentimita moja, na ziwe sawa kila mahali, kwa sababu sehemu nyembamba ikikauka kabla ya nene inavuta na kufungua ufa. Mkono wa jagi haubandikwi hivi hivi: pande zote mbili zikwaruzwe, zipakwe uji wa udongo, ndipo zishikanishwe. Chombo kifunikwe kwa karatasi ya plastiki kikauke polepole, wiki moja au mbili kulingana na mvua. Kabla ya kukiingiza tanurini, kiguse kwa shavu lako. Kikiwa baridi, bado kina maji. Moto ukipandishwa haraka kupita nyuzi 100, maji hayo yanageuka mvuke, na chombo kinalipuka pamoja na vya majirani zake. Uchomaji wa kwanza wa tanuri ya shule hufika kati ya nyuzi 900 na 1,000, na tanuri haifunguliwi mpaka ipoe yenyewe.

Batiki, yaani kitambaa kinachochorwa kwa nta kisha kutiwa rangi, ndiyo inayoleta ajali, kwa hiyo tunaisisitiza. Kitambaa kiwe pamba tupu, kifuliwe kwanza kitoke wanga wa kiwandani. Polista haishiki rangi hizi, na darasa zima linaweza kupoteza kipindi kwa kitambaa kisichofaa. Nta ya mishumaa ikiwa peke yake hubanduka, hivyo ichanganywe na nta ya nyuki. Iyeyushwe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji. Ikitoa moshi, imepita kiasi. Ikishika moto, funika kwa kifuniko na uzime jiko. Usimwage maji kamwe, moto utaruka. Kostiki soda, inayotumika pamoja na rangi ya batiki, hutiwa ndani ya maji baridi kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya soda, na ndoo iwe ya plastiki kwa sababu soda hiyo hula alumini. Glavu na miwani ni lazima. Shule isiyo na vitu hivyo ifundishe kwanza uchapaji wa lino, yaani kuchonga bamba laini, kulipaka wino na kulichapa, na ikumbushe wanafunzi kwamba maandishi yachongwe kinyumenyume.

Kuhusu kazi za baadaye, wanafunzi hawa huenda Chuo Kikuu cha Kenyatta kusomea sanaa, Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea usanifu, au vyuo vya kiufundi. Anayetaka kuwa msanifu majengo asidanganywe kwamba kuchora kunatosha. Hesabu na fizikia zinadaiwa huko, na uamuzi huo ufanywe wakati wa kuchagua masomo, kabla ya muhula wa kwanza kuanza.

Mzazi asiyeridhika na alama aanze kwa mwalimu wa somo, kisha mkuu wa idara, kisha mwalimu mkuu, na mwisho ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Lalamiko liwe kwa maandishi, litaje jina la kazi na tarehe, na daftari la michoro liambatishwe. Malalamishi yasiyo na daftari tunayarudisha shuleni kwanza.